Tembe, Tofali na Bati: Ujenzi wa Nyumba katika Uwanda wa Kati

Tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa, fikira zetu huelekea upesi kwenye ngoma, nyimbo na mashairi. Ni mara chache tunakumbuka kwamba nyumba nayo ni utamaduni, na kwamba namna ya kuijenga ni elimu iliyorithiwa. Katika makala haya tunakusudia kuzipima namna tatu za ujenzi zilizotumika Dodoma na jirani zake: tembe, nyumba ya matofali na paa la bati.

Kila mjenzi hutii nchi yake. Mwambao humpa makuti ya mnazi. Buhaya, penye mvua tele, humpa majani ya kuezekea msonge mrefu. Ugogo ni nchi kavu. Mvua yake haizidi sana milimita 600 kwa mwaka, nayo hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Majani marefu ni haba, na upepo ni mkali. Kwa hiyo Wagogo, kama Warangi, Wasandawe na Wanyaturu, walijenga tembe.

Mjenzi husimika nguzo, husuka fito katikati yake, kisha hukandika udongo. Juu hulaza mihimili, juu ya mihimili miti myembamba na matawi, na mwisho udongo ulioshindiliwa. Paa huwa karibu bapa, na nyumba huzunguka ua ambamo ng'ombe hulala salama. Udongo huo mnene huzuia joto la mchana na kuhifadhi vuguvugu usiku wa baridi wa Juni na Julai. Upepo hauuezui, na juu yake mama huanika mtama. Tembe haikuwa makao ya wanyonge tu: wakati Livingstone na Stanley walipofika Tabora, walikaa katika tembe la Kwihara.

Hata hivyo, hatutatenda haki tukisifu bila kukosoa. Tembe la Ugogo ni fupi, lina giza na moshi. Mvua kubwa hupenya paa, na mchwa hula nguzo. Katika nyufa na sakafu ya udongo hujificha papasi, waletao homa iliyowatesa watu wengi wa mkoa huu, hasa watoto na kina mama wajawazito. Tena tembe hudai miti mingi, na miti imepungua.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Operesheni Dodoma iliwahamishia wananchi katika vijiji vya ujamaa. Matembe mengi yaliachwa, na nyumba zikapangwa kwa safu. Mwaka 1973 ikaamuliwa kwamba Dodoma iwe makao makuu ya nchi. Tofali na bati vikawa alama ya maendeleo, na tembe likaanza kuonewa haya.

Tofali la kuchoma lina sifa zake: hustahimili mvua, hutoa ukuta mrefu wenye madirisha, na udongo wake ni wetu. Lakini tanuri nalo hula kuni. Bati huepusha uvujaji, na maji yake yaweza kukingwa katika tangi, neema kubwa katika nchi ya kiu. Lakini bati hununuliwa kwa fedha taslimu, huunguza mchana na kupoa upesi usiku. Mwaka 1977, alipopima miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alilaumu tabia ya kungojea saruji na bati huku udongo wa kutengenezea matofali na vigae uko miguuni petu.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Lakini asili tunayopaswa kuishika si giza la tembe wala papasi wake; ni ile busara ya kuuliza kwanza nchi inataka nini. Ukuta mnene wa tofali, sakafu ngumu isiyo na nyufa, dirisha la kutosha, na dari chini ya bati: nyumba ya namna hiyo ingechukua wema wa pande zote.

Wazee wanaojua kushindilia paa la tembe wanapungua. Walimu wawapeleke wanafunzi kwao wakapime unene wa kuta, waandike majina ya miti iliyotumika na sababu za kuichagua. Wazee hao wakiondoka kabla hatujawauliza, hatutaweza kuisoma elimu hiyo katika magofu.