Usiku wa Msonge katika Milima ya Upare

Historia ya Upare imeandikwa na watu wenye elimu, na imeandikwa vizuri. Marehemu Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha mwaka 1969, alitueleza jinsi koo zilivyohamia milimani, jinsi wahunzi wa Ugweno walivyofua chuma, na jinsi tawala zilivyoinuka na kuanguka. Baadaye alitusimulia habari ya mbiru, kodi ile iliyowafanya watu kwa maelfu washuke Same mwaka 1945 na kupiga kambi penye boma. Hayo yote ni mambo ya mchana. Lakini nchi yetu iko karibu na ikweta, na usiku wake ni karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Nusu ya umri wa kila Mpare aliyepata kuishi ilipita usiku, na sehemu kubwa ya nusu hiyo ilipita ndani ya chumba kimoja kisicho na taa. Basi katika insha hii nauliza swali ambalo huenda likaonekana dogo: watu hao walikwendaje huku na huku ndani ya nyumba zao gizani, na wasiumie?

Silo swali la mzaha. Lilinijia kwa sababu ya mfupa uliovunjika, nami nitaufikia mfupa huo kwa wakati wake.

Asiyezijua pande zetu na afahamu kwanza kwamba usiku wa Same na usiku wa mlimani si usiku mmoja. Same iko chini, tambarare na kavu, na nyota zake ni nyingi hata mtu huweza kukiona kivuli cha mbuyu pasipo mwezi. Mlimani kuna mawingu. Penye msitu wa Chome, chini ya kilele cha Shengena ambacho urefu wake ni mita 2,462, ukungu hushuka jioni ukakaa juu ya migomba hata asubuhi, na mwezi mpevu huwa kama haukuandama. Baridi nayo ni kali. Kwa hiyo watu wa kale walijenga nyumba ya kuzuia baridi: msonge wa fito na majani, duara, mlango wake mfupi wa kuinamia, dirisha hata moja hakuna. Ndani yake walikaa watu, na aghalabu ng'ombe na mbuzi pia, kwa maana joto la mnyama ni blanketi isiyonunuliwa. Nyumba ya namna hiyo ni giza hata saa sita ya mchana. Mgeni akiingia kutoka juani husimama kama kipofu.

Mimi nilipokuwa mtoto misonge ilikuwa imebaki michache, na mmoja wao ulikuwa wa bibi yangu, mama yake baba. Nililala humo miaka minne. Nakumbuka kwamba kila kitu kilikuwa na mahali pake, wala mahali hapo hapakuwa pa kujadiliwa. Mafiga matatu yalikuwa katikati. Kitanda cha bibi kilikuwa mkono wa kuume wa anayeingia. Zizi la ndama lilikuwa mkono wa kushoto. Mtungi wa maji ulikuwa nyuma ya nguzo, na kata yake juu yake, imefunikwa. Panga na jembe vilichomekwa katika majani ya ukuta juu ya mlango, makali yakielekea nje. Baina ya mlango na moto hapakuwekwa kitu chochote, si kigoda, si kinu, si mtoto aliyelala. Jua likikaribia kuzama bibi alikuwa akizunguka nyumba kwa kimya, akigusa kimoja kimoja, kama mwalimu anayeita majina. Siku moja niliacha kinu njiani. Hakunipiga. Aliniamsha usiku wa manane, akanituma maji, nikaangukia kinu kile kwa goti. Na alipokwisha kunikanda goti hakusema neno.

Kulikuwa na kanuni pia za mwili. Mtu haondoki kitandani mara tu anapozinduka. Hukaa kwanza kitako, miguu chini, mpaka usingizi umtoke. Akienda, haiinui miguu bali huiburuta, vidole vikitangulia kuuliza habari za sakafu. Mkono mmoja huwa mbele ya uso, mgongo wa kiganja nje, maana kiganja kikikutana na kitu hukishika kabla hakijajulikana. Moto nao ulikuwa dira. Anayetoka kitandani kwenda mlangoni alisikia joto shavu la kulia. Anayerudi, shavu la kushoto. Aliyepotea katika chumba kile kidogo, nasi watoto tulipotea mara nyingi, alisimama akasikiliza: ndama anapumulia wapi? Basi akajua alipo.

Yako mambo katika desturi hii ambayo elimu ya macho imeyaeleza baadaye, na mwanafunzi wa sayansi atayafurahia. Ndani ya jicho zimo chembe za namna mbili: moja hufanya kazi mchana na kutambua rangi, ya pili hufanya kazi gizani. Hizo za giza huchukua muda kuamka, kiasi cha nusu saa hata zifikie nguvu zake zote, na mwanga mkali wa dakika moja huzilaza tena. Lakini mwanga mwekundu hauzisumbui sana. Na mwanga wa msonge ulikuwa mwanga gani? Ulikuwa kaa la moto lililofunikwa majivu, wekundu hafifu usiozimika hata alfajiri. Bibi hakupata kusikia habari za chembe za jicho. Alijua tu kwamba moto wa ndimi za kuwaka ni wa kupikia, na moto wa kulalia ni kaa. Na mtoto aliyepuliza moto usiku ili aone alikemewa kuwa anawapofusha wenzake. Nilidhani ni maneno ya kizee, kumbe ni kweli tupu.

Akili iyo hiyo naiona nje ya nyumba, katika ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la mlimani linalopokea maji ya mfereji. Jioni huzibwa, maji yakajikusanya usiku kucha. Asubuhi hufunguliwa, maji yakaenda mashambani kwa nguvu. Watu husifu hesabu ya maji iliyo humo, na ni haki yao. Mimi nasifu jambo jingine: kwa ndiva, mkulima hakulazimika kufuata mfereji gizani ukingoni mwa genge. Kazi ya usiku aliachiwa maji. Waliojenga ndiva na waliopanga msonge ni watu wamoja, na hekima yao ni moja, yaani kuumaliza usiku kabla haujaingia.

Wageni walioandika juu yetu hawakuliona hili. Ernst Kotz, mmoja wa wamisionari Waadventista ambao misheni yao ilianza Upare mwaka 1903, alijifunza Chasu hata akaandika sarufi yake mwaka 1909. Si mtu wa kudharauliwa. Lakini kitabu chake cha mila za Wapare, kilichotoka Hamburg mwaka 1922, alikiita Im Banne der Furcht, yaani Katika Kifungo cha Hofu. Jakob Dannholz wa misheni ya Leipzig, aliyekaa Mbaga, naye alikiita chake cha mwaka 1916 Im Banne des Geisterglaubens, Katika Kifungo cha Imani ya Mizimu. Sikatai kwamba hofu ilikuwapo. Wazee wetu waliuogopa usiku wa nje, wenye chui na wachawi, na hakuna aliyetoka bila sababu. Ila naona ajabu kwamba watu wawili, wote wenye bidii na wote wenye kalamu, walitutazama kwa miaka wakaona kifungo. Huenda ni kwa sababu kila walipoingia katika msonge waliingia na taa mkononi.

Taa yenyewe ilikuja kwa njia ya reli. Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905, ikapita chini ya milima yetu, na mwaka 1911 ikafika Moshi. Pamoja na nguo na chumvi yalikuja mafuta ya taa katika madebe. Debe lilipokwisha mafuta halikutupwa. Lilikuwa kipimo cha mahindi, ndoo ya maji, bati la kuziba paa. Kopo dogo likapewa utambi, likawa kibatari. Wenye nafasi walinunua fanusi yenye chemni, na walimu na makarani karabai, ambayo sauti yake ilisikika kabla mwanga wake haujaonekana. Mafuta hayo yalitaka fedha, na fedha ni ile ile iliyotakiwa kwa kodi. Kwa hiyo kibatari kiliwashwa kwa ubahili, nusu saa wakati wa kula, kisha hupulizwa.

Hapo ndipo jambo geni lilipoingia. Anayepuliza kibatari haoni kama alivyokuwa akiona aliyeketi penye makaa tangu jioni. Macho yake yamelazwa, na kwa dakika kadhaa yuko katika giza nene kuliko lile la asili. Taa ilituletea nuru, hapana shaka. Mimi mwenyewe nilijifunza kusoma kwa kibatari, na pua yangu ilikuwa nyeusi kila asubuhi. Lakini taa ilituletea pia giza la namna mpya, tena ikaleta moto wenye miguu. Kaa la mafigani halisafiri. Kibatari husafiri, huangushwa, hukanyagwa na mbuzi, na msonge ni majani matupu tangu kileleni hata ardhini.

Kisha nyumba yenyewe ikabadilika. Nyumba ya pembe nne, yenye vyumba na madirisha, ilianza misheni na shuleni, ikaendelea kwa wenye kahawa, na katika miaka ya 1970, wakati nyumba bora ilipohimizwa nchini kote, ikawa alama ya mtu aliyestaarabika. Baba na ndugu zake walimjengea mama yao nyumba ya namna hiyo, wakaimaliza mwaka 1976. Ilikuwa na paa la bati, sakafu ya saruji, ukumbi mrefu na vyumba vitatu. Jiko lilikuwa nje, kwa ajili ya moshi. Ng'ombe wakajengewa banda lao. Msonge ukabomolewa, na majani yake yakawa mbolea ya migomba. Sote tulifurahi, na bibi alitushukuru kwa maneno yote yanayostahili.

Usiku wa kumi na moja, au wa kumi na mbili, alitoka chumbani kwenda nje. Kibatari kilikuwa kando ya kitanda, lakini hakukiwasha. Hakuwa na mazoea ya kuwasha taa ili atembee nyumbani kwake. Moto haukuwapo shavuni. Ndama hakupumua. Baina ya chumba na ukumbi fundi alikuwa ameweka ngazi moja ya saruji, kimo cha shubiri, kwa sababu uwanja ulikuwa wa mteremko. Asubuhi tulimkuta amelala ukumbini, nyonga imevunjika. Alichukuliwa kwa machela hata barabarani, akapelekwa hospitali, akarudi baada ya miezi mitatu akitembea kwa fimbo mbili.

Nimesoma historia maisha yangu yote, na nimejizoeza kutowalaumu watu wa zamani kwa mambo wasiyoweza kuyajua. Kwa hiyo simlaumu fundi wala wazee wangu. Lakini sisi sote tulijua. Kila mmoja wetu alilala katika msonge ule, akafundishwa habari ya kinu na mtungi, akaburuta miguu. Tulidhani tunamwondoa gizani. Tulimwondolea dira yake, na hatukuliona hilo hata saa ile, kwa kuwa elimu ya msonge haikuwa na jina. Hatukuihesabu kuwa elimu.

Mambo yaliyofuata nchini yanajulikana. Mtambo wa Nyumba ya Mungu, wa megawati 8, ulikuwa umeanza kazi mwaka 1968, na nyaya kubwa zikapita Same. Vijiji vingi vya mlimani viliendelea kuzitazama kwa mbali usiku. Miaka ya mwanzo ya 1980 mafuta ya taa yenyewe yaliadimika, watu wakarudi mafigani. Wakala wa Nishati Vijijini uliundwa kwa sheria ya mwaka 2005. Mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji, na kibatari kikaanza kuaga. Tochi na taa za jua zikachukua nafasi yake.

Bibi alipotoka hospitali hakutaka msonge ujengwe upya. Aliomba kamba ya mkonge. Alimwagiza baba aifunge tendegu la kitanda, aipitishe mlangoni, aifuate ukuta wa ukumbi hata mlango wa nje, kwa kimo cha kiuno chake. Mahali penye ngazi ile ya saruji alitaka fundo. Akaishika kamba hiyo kwa miaka tisa, usiku hata usiku, bila kuwasha kitu, wala hakuanguka tena.

Umeme uliingia katika nyumba hiyo muda mrefu baada ya kufa kwake. Mdogo wangu, ambaye ndiye mwenye nyumba sasa, alipaka kuta rangi mara mbili, na mara zote mbili aliifungua kamba na kuifunga tena. Imekwisha kubadilishwa, hii ni ya tatu. Mkewe ni mzaliwa wa Same mjini, hakupata kulala ndani ya msonge. Nilipolala kwao mwaka jana umeme ulikatika, nikamsikia akitoka chumbani kwake gizani bila tochi. Hatua zake zilikuwa za kuburuta. Alipofika penye fundo alisimama kidogo, akashuka.