Makinda Vidakani: Kuusoma Upya Utenzi wa Al-Inkishafi

Wengi wetu tumefundishwa kuwa Al-Inkishafi ni utenzi wa mauti. Tukakariri hivyo, tukafaulu mtihani, basi. Mimi mwenyewe niliandika hivyo nilipokuwa mwaka wa kwanza. Leo nataka kuikana kauli yangu, japo kwa sehemu.

Historia kwanza. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alikuwa mshairi wa Pate, na wataalamu wengi wanauweka utenzi wake katika miongo ya mwanzo ya karne ya 19. Pate ilitajirika kwa biashara ya Bahari ya Hindi, kisha ikadhoofishwa na ugomvi wa kiti cha ufalme na vita na majirani. Karibu na mwaka 1812 jeshi lake, likisaidiwa na Wamazrui wa Mombasa, lilishindwa na Walamu kule Shela. Kwa hivyo msanii wetu hakuyabuni magofu. Aliishi nayo.

Katika beti za mishororo minne, mizani kumi kumi, anauonya moyo wake kuwa dunia ni hadaa. Ushahidi anaoutoa ni majumba ya matajiri: mende wanavuma vyumbani, nyenje wanalia kumbini, bundi naye analia ndani. Katika vidaka vya ukutani, palipopangwa visahani vya fahari, sasa wamelala makinda ya ndege.

Hebu tusimame hapo. Makinda! Wahakiki humkimbilia bundi, ambaye kwetu ni ndege wa mkosi, wakamruka kinda. Lakini kinda ni uhai unaoanza. Msanii alitaka kutuonyesha uozo, na karibu kila alichokitia katika taswira hii kinavuma, kinalia au kinazaliwa. Waliokufa ni wenye nyumba. Nyumba yenyewe imepata wapangaji wapya.

Tena hata kuta zile zilikuwa matumbawe na chokaa ya matumbawe yaliyochomwa, yaani mabaki ya viumbe vya baharini. Jumba la tajiri lilianzia katika kifo cha viumbe, likaishia kuwa kiota cha viumbe vingine.

Mtu ataniuliza: wamgeuza Sayyid Abdalla mshairi wa mazingira? La hasha. Utenzi unatupeleka kwenye moto wa Jahanamu, hautuachi kiotani. Kwake yeye, uhai unaodumu uko Akhera. Kinda ni kejeli: ndege asiye na hata pesa moja amevirithi vidaka vya wakubwa. Ila kejeli hiyo haikati mpaka kinda awe hai. Ndiyo maana nasema kwamba msanii anayechora mauti hawezi kuyachora kwa mauti matupu. Hana budi kuazima uhai.

Kwa nini nalishikilia jambo hili? Kwa sababu usomaji wa mauti peke yake umetuzoesha kuiona pwani kama kaburi, na sisi wasomaji kama waombolezaji. Watu wa Pate hawakwisha. Wakulima wake wamelima tumbaku katikati ya magofu yale yale, mizizi ikijipenyeza chini ya kuta za masultani. Uhakiki usiowaona watu hao, wala yale makinda, umesoma nusu ya utenzi.

Mwenye hoja ya kunipinga na ailete. Kurasa ndizo hizi.