Muuza Vitabu vya Mitumba katika Historia ya Fasihi ya Kiswahili: Mfano wa Dar es Salaam

Ikisiri

Historia ya fasihi ya Kiswahili huandikwa kwa kumfuata mwandishi, mchapishaji na mhakiki. Makala haya yanamwongeza mtu wa nne: muuza vitabu vya mitumba. Kwa kutumia mfano wa Dar es Salaam, yanadai kwamba kazi nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zimetufikia kupitia mikononi mwake, na kwamba vigezo vyake vya biashara vimechangia kuamua kipi tukisome na kipi tukisahau.

1.0 Utangulizi

Neno mtumba lilitaja kwanza robota la nguo lililofungwa tayari kubebwa na wapagazi wa misafara. Baadaye likataja nguo zilizovaliwa ughaibuni, kisha karibu kila kitu kilichokwisha kutumiwa na mwingine: viatu, magodoro, magari na hatimaye vitabu. Katika upanuzi huo wa maana kuna tofauti moja ya kuzingatia. Nguo ya mtumba hutoka nje. Kitabu cha mtumba cha Kiswahili hutoka humu humu. Kilichapishwa Nairobi au Dar es Salaam, kikasomwa na jirani zetu, kikarudi sokoni kwa sababu mwenyewe amehama, amestaafu, amefariki, au siku hiyo amekosa nauli. Kwa hiyo anayekiuza anashika sehemu ya historia yetu wenyewe.

2.0 Uhaba Uliozaa Biashara

East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, ndiyo iliyochapisha Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla (1960), Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla (1965) na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971). East African Publishing House ikachapisha Kichwamaji ya Kezilahabi mwaka 1974. Mashirika yote mawili yalikuwa na makao Nairobi na yalitegemea soko la Afrika Mashariki nzima. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, na kazi za waandishi Watanzania zikabaki ng'ambo ya mpaka. Mwaka huohuo Tanzania ilianza kutekeleza mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Wasomaji waliongezeka wakati uleule vitabu vilipoadimika. Vita vya Kagera na uhaba wa fedha za kigeni vikafuata, na karatasi ikawa shida.

Katika hali hiyo kitabu kikuukuu kilipata thamani mpya. Kitabu kisichochapwa tena hakina bei ya dukani. Bei yake ni ile anayoitaja aliyenacho. Hata hivyo, aliyetaka kuishi kwa biashara hiyo hakuwa na amani. Operesheni ya Kila Mtu Afanye Kazi ya mwaka 1976, na baadaye Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983, ziliwalenga wale walioonekana kukaa mjini bila kazi halali. Mtu aliyeketi kandokando ya barabara mbele ya rundo la vitabu vya zamani angeweza kuhesabiwa miongoni mwao. Nafasi yake ilipanuka baada ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ya 1980, alipoanza kuonekana kwa wingi zaidi kwenye vibaraza vya katikati ya jiji na Kariakoo.

3.0 Kati ya Mtaala na Karanga

Mtaji wa muuzaji huyu ni mdogo, na maamuzi yake ni ya haraka. Anapoitwa nyumbani kwa marehemu kutazama maboksi ya vitabu, hana muda wa kusoma. Huangalia mambo matatu: je, kitabu kinasomwa shuleni? Je, kurasa zimetimia? Je, jalada lipo? Kitabu teule hakilali. Lakini orodha ya vitabu teule inapobadilishwa, rundo lililokuwa mali juzi hugeuka mzigo, na mnunuzi wake huwa ni muuza karanga anayetaka karatasi za kufungia, tena kwa kilo. Mpaka kati ya fasihi na kifungio cha karanga huwekwa hapo, na anayeuweka si mhakiki.

Athari yake kwa taaluma yetu si ndogo. Tamthiliya na riwaya zilizopata kufundishwa shuleni bado huokotwa vibarazani. Riwaya pendwa zilizochapishwa na waandishi wenyewe na vijitabu vya elimu ya watu wazima, vilivyosomwa mpaka vikachanika, ni adimu. Tunapowafundisha wanafunzi kwamba miaka ya 1970 ilikuwa zama za riwaya ya Ujamaa, inafaa tujiulize kama tunaeleza kilichoandikwa au kilichosalia.

Hata hivyo, muuzaji si mizani ya bei tu. Hukumbuka majalada ambayo hajayafungua, na huwakumbuka wasomaji wake kwa mahitaji yao. "Mwalimu, hiki nimekuwekea wewe. Jana kijana mmoja alikitaka, nikamwambia kina mwenyewe." Kauli hiyo ni ya kibiashara, kwani nililipa kuliko ambavyo kijana yule angelipa. Lakini pia ni kazi ya mkutubi, iliyofanywa bila katalogi, bila mshahara na bila paa.

4.0 Ushahidi wa Mhuri

Nakala yangu ya Kichwamaji, niliyoinunua kibarazani, ina mhuri wa maktaba ya shule moja ya sekondari. Chini ya mhuri yameandikwa majina matatu kwa wino tofauti, kila jina likiwa limekata lililotangulia. Miaka kadhaa baadaye nilitumwa shuleni hapo kukagua mazoezi ya kufundisha, nikakibeba kitabu kwa nia ya kukirudisha. Nilikuta chumba cha maktaba kimegeuzwa darasa. Nikarudi nacho.

Sijui niseme kitabu hicho kiliibwa au kiliokolewa. Simsafishi muuzaji, wala sijisafishi: kila mhuri ninaoulipia humwambia aliyekitoa kitabu maktabani kwamba soko lipo. Lakini nakala hiyo ina jambo ambalo toleo jipya haliwezi kutupa. Toleo jipya huhifadhi matini. Nakala kuukuu huhifadhi usomaji wake, yaani nani alikishika kitabu, kwa zamu gani, na alipigia mstari wapi.

5.0 Hitimisho

Mwaka 2021 wamachinga wa Dar es Salaam waliamriwa kuondoka kandokando ya barabara na kwenda katika maeneo yaliyotengwa. Mnunuzi wa nguo anaweza kuifuata nguo huko, kwa sababu anajua anachokitaka. Mnunuzi wa kitabu cha zamani mara nyingi hajui kuwa kitabu hicho kipo mpaka akikanyage kivuli chake akiwa njiani kwenda kazini. Kumwondoa muuzaji penye wapitanjia ni kuiondoa bahati hiyo.

Mambo mawili yako ndani ya uwezo wetu. Idara za Kiswahili zianze kuorodhesha nakala kuukuu pamoja na mihuri, majina na maandishi ya pembeni, badala ya kuandika anwani na mwaka tu. Pia wanafunzi wa uzamili watumwe kurekodi kumbukumbu za wauzaji wazee, kama tunavyowatuma kwa manju na watambaji. Wauzaji hao wanajua vitabu gani viliulizwa na havikupatikana. Orodha hiyo haimo katika maktaba yoyote, na wanaoikumbuka wanazidi kupungua.