Kihatarishi si kisababishi

Kihatarishi ni jambo linalotangulia tatizo na kuambatana na uwezekano mkubwa zaidi wa tatizo hilo kutokea. Istilahi hii ilivuma kutokana na utafiti wa moyo wa Framingham, Marekani, ambao mwaka 1961 ulionyesha kuwa wenye shinikizo la juu la damu na lehemu nyingi waliugua moyo zaidi ya wenzao. Tiba ya akili nayo ikaichukua.

Wapo wanaoandika “visababishi”. Siafiki, kwani kuambatana si kusababisha. Chukua kijana aliye kliniki ambaye amewahi kujidhuru: hicho ni kihatarishi kizito kuliko karibu vyote vya kujidhuru tena. Hata hivyo, tendo la kwanza si lazima liwe ndilo lililozaa la pili. Huenda yote mawili yanatokana na ukatili aliofanyiwa utotoni, uonevu wa shuleni au sonona. Historia yake haifutiki, lakini uonevu unaweza kukomeshwa, na sonona na kukosa usingizi vinatibika. Hapo ndipo penye kazi. Huduma yenyewe pia ina kipindi chake cha hatari, yaani wiki za mwanzo baada ya mgonjwa kuruhusiwa kutoka wodini.

Kihatarishi huzungumzia kundi, hakimtabirii mtu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya tafiti 365 za miaka 50, ulikuta kwamba vihatarishi vilibashiri kujiua na mawazo ya kujiua kwa kiwango kilichozidi kubahatisha kidogo tu. Mwaka 2022 mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, ukawakataza wahudumu kutumia fomu za alama kubashiri nani atajidhuru tena au kuamua nani apewe matibabu. Badala yake, mhudumu aketi na kijana, amsikilize, amuulize waziwazi kama anawaza kujidhuru au kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo.

Kwetu kuna kikwazo kingine. Wengi wanaojidhuru hawakusudii kufa, ila jalada likiandikwa “amejaribu kujiua”, familia huwaza polisi, maana Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inakihesabu kitendo hicho kuwa kosa. Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho kinakiuka katiba. Woga huo wa polisi unapobaki, kijana hunyamaza, na kihatarishi ambacho daktari alihitaji kukijua kuliko vyote hakifiki mezani kwake.