Roketi za Malindi na Roketi Iliyorudi

Aprili 2023, safari ya setilaiti ya Kenya, Taifa-1, iliahirishwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya hali ya hewa. Nilikuwa Kibaha, na mwanafunzi mmoja wa Kisarawe akaniuliza kwa nini jirani zetu wasubiri mawingu ya California ilhali wana bahari yao.

Swali lake lilikuwa na historia. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, Waitaliano walirusha kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza kuundwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei angani. Jukwaa jirani, Santa Rita, lilikuwa mtumba (nasema bila dharau): awali lilichimbia mafuta. Roketi za Scout, kinyume chake, zilitumika mara moja tu. Kati ya 1967 na 1988 zilirushwa tisa, kisha kimya.

Taifa-1 ilipaa tarehe 15 Aprili kwa Falcon 9 ambayo sehemu yake ya chini ilikwisha kuruka kabla, na safari hiyo nayo ikarudi kutua wima. SpaceX walifanikiwa kutua hivyo mara ya kwanza mwaka 2015, baada ya kulipua kadhaa. Anayetarajia kukitumia chombo tena haoni haya kuahirisha.

Nilimjibu kijana kwamba bahari ingalipo, na majukwaa yalibaki. Akauliza mafundi wako wapi.