Filimbi ya Mwamuzi

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuwaeleza habari za kitu kidogo kienezacho kiganja cha mtoto, nacho chaweza kuwasimamisha wachezaji 22 kwa pumzi moja. Kitu hicho ni filimbi ya mwamuzi wa mpira.

Hapo kale, mpira ulipoanza kuwekewa sheria huko Uingereza, kila upande ulileta msimamizi wake. Mchezaji aliyeona amedhulumiwa alipaza sauti kumwomba haki. Wasimamizi hao wawili wakishindwa kupatana, waliliweka jambo mbele ya mwamuzi, naye alikuwa nje ya mstari. Mwaka 1891 sheria ilibadilishwa: mwamuzi akaingia uwanjani, akapewa amri ya kukata maneno mwenyewe. Tangu hapo alihitaji sauti ipitayo makelele ya watu wote.

Sauti hiyo ilikuwa imekwisha patikana. Katika mji wa Birmingham alikuwako fundi, jina lake Joseph Hudson. Katika miaka ya 1880 aliwatengenezea polisi wa London filimbi, badala ya vyombo vya mbao walivyokuwa wakivizungusha mkononi ili vipige kelele. Tena akatengeneza filimbi iitwayo Acme Thunderer, yenye tumbo la mviringo na punje ya kizibo ndani yake. Mtu apulizapo, punje hiyo huzunguka, huziba na kuzibua njia ya pumzi, na sauti hutetemeka ikasikika mbali. Lakini punje ina udhaifu: ikilowa mate au ikipata uchafu, huweza kukwama. Jambo hilo lilimpata Ron Foxcroft wa Kanada, mwamuzi wa mpira wa kikapu, katikati ya mchezo. Ndipo alipotafuta filimbi isiyo na punje, na mwaka 1987 akaitoa kwa jina la Fox 40.

Basi achaguaye filimbi na aipulize kwanza kwa nguvu, kisha polepole, asikilize kama yaitika mara moja. Awe na ya pili mfukoni. Na ikiwa karibu naye wachezwa mchezo mwingine, achague yenye sauti isiyofanana na ya jirani yake.

Shauri hilo la mwisho si dogo. Tarehe 21 Juni 1982, katika mji wa Valladolid, Hispania, Ufaransa ilicheza na Kuwait kushindania Kombe la Dunia. Ufaransa ilikuwa mbele kwa mabao 3 kwa 1. Mara ikasikika filimbi kutoka kwa watazamaji. Wakuwait wakasimama, wakidhani mwamuzi amesimamisha mchezo. Alain Giresse akaendelea, akafunga. Mwamuzi, Miroslav Stupar wa Umoja wa Kisovyeti, akalikubali bao. Wakuwait wakakataa kucheza, na mkubwa wao, Sheikh Fahad, akashuka mpaka uwanjani. Ndipo mwamuzi akalifuta bao lile. Ufaransa ilishinda 4 kwa 1, lakini heshima ya mwamuzi ilikuwa imekwisha vunjika. Sisi twaona kuwa kulifuta bao halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kungoja mpaka mkubwa ashuke. Laiti angalisimamisha mchezo mara ile ile! Sheria ya leo yasema hivyo: filimbi ya mtazamaji ikivuruga mchezo, mwamuzi na ausimamishe, kisha auanzishe tena kwa kuudondosha mpira.

Tena filimbi ina kiasi chake. Yatakiwa kuanzisha mchezo, kuusimamisha kwa kosa, na kuumaliza. Mpira ukitoka nje na kila mtu ameuona, hapana haja ya kupuliza. Mkono wa mwamuzi watosha. Wazee wetu walisema, ngoma ivumayo haikawii kupasuka. Na filimbi ipulizwayo kwa kila jambo, wachezaji huizoea, wasiijali siku ya kosa kubwa.

Nanyi vijana mchezao, msisimame mpaka mmejua kuwa ni mwamuzi aliyepuliza. Na ninyi mnaokwenda kutazama, filimbi zenu ziacheni nyumbani. Uwanjani watu wote wamekubali kumtii mtu mmoja kwa sauti moja. Mwenye kuiiga sauti hiyo kwa mzaha awaibia wote wawili, ashindaye na ashindwaye.