Historia ya Kizibao cha Reflekta: Vazi la Mchana na la Usiku

Kizibao cha usalama, ambacho mafundi wengi wa Afrika Mashariki hukiita reflekta tu, ni vazi moja lenye kazi mbili. Kitambaa chake kinachowaka, cha manjano au cha rangi ya chungwa, humwonyesha mvaaji mchana. Mikanda ya rangi ya fedha iliyoshonwa juu yake humwonyesha usiku. Kazi hizo mbili hazitegemeani: zilivumbuliwa na watu tofauti kwa mahitaji tofauti, zikaja kuunganishwa baadaye. Historia hiyo inaeleza kwa nini kizibao kinachomtosha mfanyakazi wa zamu ya mchana huenda kisimfae hata kidogo mwenzake wa zamu ya usiku.

Kabla ya vazi hili, aliyefanya kazi kando ya magari au treni alitegemea macho na masikio yake mwenyewe na ya wenzake. Katika reli za Uingereza, kundi la mafundi wa njia liliweka mwangalizi mwenye bendera na honi, kazi yake ikiwa ni kuwaonya wengine treni inapokaribia. Mafundi wenyewe walivaa makoti meusi au ya kahawia, nguo zisizoonyesha masizi wala grisi. Dereva wa treni hakutarajiwa kuwaona mapema. Wao ndio waliotakiwa kuiona na kuisikia treni. Katika enzi ya mvuke utaratibu huo ulisaidiwa na mshindo wa injini na moshi ulioonekana kwa mbali.

Nusu ya kwanza ya kizibao, yaani kitambaa chake, ilianzia Marekani. Mwaka 1933 kijana Bob Switzer, mwanafunzi wa Berkeley, California, alianguka akiwa kazini na kuumia kichwa. Macho yake yaliathirika, akalazimika kukaa gizani kwa muda mrefu. Katika kipindi hicho yeye na mdogo wake Joseph, aliyependa michezo ya kiinimacho, walianza kuchunguza vitu vinavyong'aa vikimulikwa na taa ya mionzi ya urujuanimno, wakianzia na dawa zilizokuwa katika duka la baba yao. Walichanganya vitu hivyo na vanishi wakapata rangi za kuwaka. Rangi za mwanzo zilihitaji giza na taa maalumu, na zilitumika katika maonyesho na matangazo. Baadaye, wakiwa wamehamia Cleveland, Ohio, ndugu hao walipata rangi zilizowaka hata juani. Kampuni yao ndiyo iliyokuja kuitwa Day-Glo.

Siri ya rangi hizo iko katika mwanga wenyewe. Rangi ya kawaida hurudisha sehemu tu ya mwanga unaoiangukia na kumeza uliobaki. Rangi ya kuwaka hupokea pia mionzi ya urujuanimno, ambayo jicho la binadamu haliioni, pamoja na mwanga wa urujuani na buluu, kisha huitoa nishati hiyo tena kama mwanga wa manjano, kijani au chungwa. Matokeo yake ni rangi inayong'aa kupita vitu vyote vinavyoizunguka. Hung'aa hata alfajiri, machweo na siku za mawingu, maana nyakati hizo mwanga wa anga huwa na kiasi kikubwa cha buluu na urujuanimno. Manjano yenye ukijani ina faida nyingine: katika mwanga wa mchana, jicho huhisi zaidi mawimbi ya takriban nanomita 555, ambayo ndiyo rangi hiyo.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia viliitoa rangi hiyo katika maonyesho na kuipeleka kwenye usalama. Jeshi la Marekani lilitandaza vitambaa vya kuwaka ardhini huko Afrika Kaskazini ili marubani watambue vikosi vya upande wao na wasivishambulie. Kwenye manowari za kubeba ndege, wahudumu wa sitaha walivaa nguo za kuwaka zilizomulikwa na taa za urujuanimno ili ndege ziweze kuruka na kutua usiku.

Hatua ya kumvisha fundi wa kawaida rangi hiyo ilichukuliwa Glasgow, Uskoti. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 njia za reli za mji huo zilikuwa zikibadilishwa kutoka mvuke kwenda umeme. Treni ya umeme huongeza mwendo haraka na haina mshindo wa injini ya mvuke, kwa hiyo tahadhari ya masikio ilipungua nguvu. Mwaka 1964 tawi la Uskoti la shirika la reli la Uingereza liliwavisha mafundi wa njia, katika kipande cha Pollokshields hadi Eglinton Street, makoti ya rangi ya chungwa inayowaka. Makoti hayo yakapewa jina la vimulimuli. Madereva wa treni ndio waliotakiwa kueleza kama waliwaona mafundi vizuri zaidi. Hapo jukumu likageuka: usalama haukuwa tena wa fundi kuiona treni peke yake, bali pia wa dereva kumwona fundi. Rangi ya chungwa imebaki kuwa rangi ya mafundi wa reli Uingereza hadi leo, na hujitokeza vyema mbele ya majani yanayoota kando ya njia.

Hata hivyo kitambaa cha kuwaka kina udhaifu mmoja mkubwa. Jua likitua, mionzi kinayoigeuza hutoweka. Chini ya taa za barabarani za sodiamu, zenye mwanga wa manjano mtupu, kizibao cha manjano au cha chungwa hufifia na kufanana na nguo nyingine yoyote. Hapo ndipo nusu ya pili inapohitajika.

Nusu hiyo ilizaliwa barabarani. Mwaka 1934 Percy Shaw, mkazi wa Halifax, Uingereza, alisajili hataza ya vijicho vya kioo vinavyopandwa katikati ya barabara na kurudisha mwanga wa taa za gari kwa dereva mwenyewe. Matumizi yake yalienea wakati wa vita, taa za miji zilipozimwa kwa kuogopa ndege za adui. Nchini Marekani, kampuni ya 3M ya Minnesota ilianza mwishoni mwa miaka ya 1930 kutengeneza karatasi za alama za barabarani zilizopakwa shanga ndogo sana za kioo. Mwanga huingia ndani ya shanga, hupinda, hugonga tabaka la nyuma linaloakisi, na kurudi ulikotoka. Kioo cha kujitazamia huutupa mwanga upande mwingine ukija mshazari, lakini shanga huurudisha kwenye chanzo chake. Kwa kuwa macho ya dereva yako karibu na taa za gari lake, mkanda humwakia yeye, ilhali mtu aliyesimama pembeni huona kijivu tu. Baadaye teknolojia hiyo ilihamishiwa kwenye vitambaa, na pia zikaja prizma ndogo za plastiki zinazofanya kazi kama hiyo.

Mkanda nao una mipaka yake. Bila taa inayoumulika haufanyi lolote. Mfanyakazi aliye mahali ambapo mashine hurudi kinyumenyume bila taa za nyuma, au ambapo mwanga hutoka juu kwenye nguzo peke yake, hana msaada mkubwa kutoka kwake. Hivyo zamu ya usiku inahitaji mikanda, na mahali pa kazi panahitaji taa.

Viwango vilikuja baada ya desturi kuenea. Kiwango cha Ulaya cha EN 471 kilitolewa mwaka 1994, na mwaka 2013 nafasi yake ikachukuliwa na EN ISO 20471. Viwango hivyo hupima nusu mbili za vazi kila moja peke yake na kugawa mavazi katika madaraja matatu. Daraja la kwanza huhitaji angalau mita za mraba 0.14 za kitambaa cha kuwaka na 0.10 za mkanda. La pili 0.50 na 0.13, la tatu 0.80 na 0.20. Mkanda hautakiwi kuwa mwembamba kuliko milimita 50. Marekani ilitoa kiwango chake, ANSI/ISEA 107, mwaka 1999. Kuanzia Novemba 2008, kanuni ya serikali yake kuu iliwataka wafanyakazi walio katika eneo la barabara zinazofadhiliwa na serikali hiyo wavae mavazi ya daraja la pili au la tatu.

Daraja huchaguliwa kwa kuangalia kasi ya magari na kiasi cha mwanga. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita takriban mita 22 kila sekunde, kwa hiyo dereva aliyechelewa sekunde mbili kumtambua mtu amekwisha kusogea zaidi ya mita 40. Ndiyo maana kwenye barabara kuu, na hasa usiku, hupendekezwa daraja la tatu. Daraja hilo haliwezi kufikiwa kwa kizibao kisicho na mikono kikiwa peke yake; huhitaji koti lenye mikono, au kizibao pamoja na suruali yenye mikanda.

Sababu yake si wingi wa kitambaa tu. Mwaka 1973 mwanasaikolojia wa Sweden, Gunnar Johansson, alionyesha kwamba watazamaji wakiona nukta chache za mwanga zilizowekwa kwenye viungo vya mtu anayetembea gizani, hutambua mara moja kuwa huyo ni binadamu. Mkanda wa kifuani ukiwa peke yake unaweza kudhaniwa kuwa nguzo au kibao. Mikanda ya mikononi na miguuni huonyesha mwendo wa mtu. Rangi nayo hupimwa dhidi ya mandhari: pale palipojaa mapipa na vizuizi vya rangi ya chungwa, manjano yenye ukijani humtenga mtu na vifaa.

Vazi hilo limevuka mipaka ya karakana. Ufaransa iliwataka madereva wote kuwa nalo garini mwaka 2008, na miaka kumi baadaye waandamanaji wakalifanya sare yao. Nchini Kenya, Sheria ya Trafiki inamtaka mwendesha bodaboda na abiria wake wavae kofia ngumu na jaketi lenye viakisi. Lakini vazi lililoenea huchakaa pia. Jua lilelile linaloiwasha rangi huiua polepole, vumbi na mafuta huziba shanga, na kufua hupunguza uwezo wa mkanda. Ndiyo maana lebo za watengenezaji huonyesha idadi ya mara ambazo vazi linaweza kufuliwa. Kitambaa kilichopauka hakifai tena kwa zamu ya mchana hata kama mikanda ni mizima, na mikanda iliyopasuka haifai kwa zamu ya usiku hata kama kitambaa bado kinawaka. Kwa zamu inayoanza alfajiri au kumalizika baada ya machweo, nusu zote mbili lazima ziwe nzima.